Barafu ya ubuyu

Daktari aliponituma barafu nilidhani ananitoa chumbani kistaarabu, niache kumjibia mama maswali. Ilikuwa mwaka 2006, mimi kidato cha pili. Nilimsindikiza hospitali kwa sababu kila mchana alikuwa akiona watu wawiliwawili.

Miezi minne tulikuwa hatuelewi. Asubuhi mzima, anafagia uwanja huku anaimba. Ikigonga saa nane, kope la kushoto linashuka kama pazia lililokatika kamba. Nyama anaitafuna mpaka taya linagoma, analishikilia kwa mkono. Sauti nayo ikahamia puani. Shuleni alikofundisha, mwalimu mkuu akamwandikia barua ya onyo kwamba analala darasani. Mtaani wakasema karogwa, shangazi akaleta kombe. Mama alilinywa, na vidonge vya kuongeza damu vya zahanati akavimeza vilevile.

Nje ya geti nilikuta barafu za shilingi hamsini, za ubuyu, nyekundu. Nikanunua mbili.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, lete hivyo hivyo." Akaiviringisha kwenye ncha ya kanga ya mama, akaiweka juu ya jicho lililofumbwa, akatazama saa yake dakika mbili. Alipoiondoa, kope lilikuwa juu. Mama akanitazama kwa macho yote mawili, saa tisa alasiri! Halafu, polepole, likaanza kushuka tena.

"Miastenia gravis," akasema daktari, akachora nyuma ya karatasi. Neva humwaga asetilikolini, kemikali ya kuuamuru msuli, nayo huingia kwenye vitasa vya msuli kama ufunguo. Kinga ya mwili wa mama ilikuwa imevijaza vitasa hivyo ulimbo. Baridi hukipunguza kasi kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, basi ile kidogo iliyopo hudumu zaidi. Mimi nilielewa ulimbo tu. Tulikuwa tukinasia ndege.

Akaandika piridostigmini, miligramu 60, tuliyokuja kuipata duka la saba. Chini yake akaorodhesha dawa ambazo mama asipewe ovyo, kwinini na gentamisini zikiwa juu. Kwinini, kwetu sisi wa malaria kila masika! Mama aliifunga karatasi ile palepale penye doa la ubuyu.

Ndani ya daladala, kope likiwa limeshalala, akaniuliza kwa sauti yake ya puani barafu ya pili iko wapi.

Nilikuwa nimeshaimaliza.