Opera ngeni imewekwa wapi kwenye ratiba?

Kampuni ya opera inapotangaza msimu wake ujao, wapenzi wengi hukimbilia majina ya waimbaji. Mimi huitafuta kwanza opera moja isiyozoeleka, kisha hutazama imepangiwa maonyesho mangapi, imewekwa majuma gani na ni nani aliyekabidhiwa okestra, kwa kuwa mambo hayo hunieleza dhamira ya wakurugenzi kuliko dibaji yoyote ya kijitabu cha msimu.

Kwamba La bohème, Carmen na La traviata zitakuwamo si ajabu, wala siwalaumu wanaozirudia. Gharama za okestra, kwaya, waimbaji wakuu, maleba na mafundi wa jukwaa ni kubwa, na mara nyingi mapato ya tiketi peke yake hayazifidii hata ukumbi ukijaa. Opera hizo angalau huujaza. Nisichokubali ni dhana kwamba zilizaliwa zikipendwa. La traviata ya Verdi iliboronga Venice mwaka 1853, ikapata heshima yake iliporudishwa jukwaani mjini humo humo mwaka uliofuata. Carmen ilipokewa kwa ubaridi Paris mnamo Machi 1875, na Bizet, mtunzi wake, akafariki miezi mitatu baadaye. Madama Butterfly ya Puccini ilizomewa La Scala, ukumbi wa opera wa Milan, mnamo Februari 1904. Mtunzi akaiondoa baada ya onyesho hilo moja, akaifanyia marekebisho, na kufikia Mei ikawa inashangiliwa katika mji wa Brescia.

Opera ngeni, basi, inahitaji nafasi. Chukua Jenůfa ya Janáček, mtunzi wa Kicheki, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika mji wa Brno mwaka huohuo wa 1904. Katika tendo la pili, mama wa kambo anamlaza binti huyo, Jenůfa, kwa dawa ya usingizi, anakichukua kichanga chake na kwenda kukizamisha mtoni chini ya barafu, kisha anarudi na kumdanganya kwamba mtoto alifariki yeye akiwa hoi kwa homa. Tendo linapokaribia kwisha, upepo unalisukuma dirisha likafunguka, na mwanamke yule anapiga ukelele kwamba mauti yanamchungulia. Aliyeyashuhudia hayo hawezi kutoka ukumbini bila kumsimulia mtu. Lakini ikiwa imepewa maonyesho matatu tu, yaliyobanwa katikati ya Carmen, mandhari yake hubomolewa kabla sifa hazijasambaa, halafu msimu unaofuata tunaambiwa kuwa watazamaji hawakuitaka. (Hilo, kwa maoni yangu, ni kumfunga mtu miguu na kumlaumu kwa kutokimbia.)

Wala lugha haiwezi tena kuwa kisingizio. Tangu kampuni ya opera ya Kanada ilipoonyesha Elektra ya Strauss mjini Toronto mwaka 1983 huku tafsiri ikimulikwa juu ya jukwaa, utaratibu huo umeenea katika kumbi nyingi kubwa, na Kicheki cha Janáček hufuatika kwa wepesi uleule wa Kiitaliano cha Verdi.