Uhai 112 ni mdogo kuliko 60

Kwa wiki tatu mhusika wangu kwenye mchezo wa MUD alikuwa salama. Nilikuwa nimemwandikia skripti fupi ndani ya Mudlet, programu ya kuchezea michezo ya aina hiyo: uhai ukishuka chini ya 60, anywe dawa. Upeo wa uhai wake ulikuwa 96, na kila vita alivyoingia skripti iliitika kwa wakati. Kisha akapanda ngazi, upeo ukafika 112. Mstari wa hali ukaja: uhai 112 kati ya 112. Akanywa dawa. Mstari uliofuata, akanywa nyingine. Chupa 11 zilikwisha kabla sijatambua kinachotokea, na adui wa kwanza aliyekutana naye baada ya hapo alimuua.

Kwa asiyeijua michezo hii: MUD ni mchezo wa maandishi matupu unaochezwa na watu wengi kwa pamoja. Wa kwanza waliuandika Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, na jina lake likawa jina la jamii nzima ya michezo hiyo. Seva inakutumia mistari, nawe unajibu kwa amri. Hakuna picha ya chupa wala ya adui, kuna herufi tu. Na hapo ndipo kosa langu lilipokuwa limejificha, kwa sababu 112 iliyofika kwangu haikuwa namba. Zilikuwa alama tatu zilizoandikwa moja baada ya nyingine.

Trigga yangu, kanuni inayoamka mstari fulani unapofika, ilinasa uhai kutoka kwenye mstari wa hali, na kiwango cha 60 nilikiweka kwa amri fupi niliyojitungia, ili niweze kukibadilisha nikiwa vitani. Vyote viwili vilitoka kwenye matches[2], ambamo Mudlet huweka kipande cha kwanza kilichonaswa (matches[1] ni mnaso mzima). Vyote viwili vilikuwa maandishi.

if uhai < kiwango then kunywa() end

Lua, lugha inayotumika kuandika skripti za Mudlet, ikipewa maandishi mawili huyapanga kama kamusi inavyopanga maneno. "Asubuhi" hutangulia "ua" ingawa lina herufi nyingi zaidi, na kwa kanuni hiyohiyo "112" hutangulia "60", kwa kuwa 1 iko kabla ya 6. Upeo ulipokuwa 96, karibu namba zote nilizozipata vitani zilikuwa na tarakimu mbili, na kwa tarakimu mbili mpangilio wa kamusi na mpangilio wa hesabu hulingana. Kumbe hata wakati ule, angebakiwa na uhai 9, skripti ingekaa kimya: "9" iko baada ya "60". Hakuwahi kufika 9, basi sikujua.

Kama upande mmoja tu ungekuwa namba, Lua ingekataa na kutoa kosa palepale, nami ningelisahihisha siku ya kwanza. Pande zote mbili zilipokuwa maandishi, ililinganisha bila kunung'unika. Siku hizi sinasi namba yoyote bila kuipitisha kwenye tonumber, inayogeuza maandishi kuwa namba, pale pale inaponaswa, kabla haijapewa jina.

Baada ya hapo nikaamua kuacha kiwango kimoja na kutumia masafa, tena kwa asilimia, ili kupanda ngazi kusinisumbue tena. Asilimia 61 na kuendelea, endelea kupigana. Kati ya 31 na 60, dawa ndogo. Kuanzia 30 kushuka, dawa kubwa. Ukiyasoma kwa macho yanaonekana yamekamilika. Niliyaandika hivi:

if asilimia >= 61 then pigana()
elseif asilimia >= 31 and asilimia <= 60 then dawaNdogo()
elseif asilimia <= 30 then dawaKubwa()
end

Angalia hizo "and". Kwanza nilikuwa nimeandika 31 <= asilimia <= 60, kama tulivyozoea kwenye daftari la hesabu. Lua inafanya sehemu ya kwanza, inapata kweli au si kweli, kisha inashindwa kulilinganisha jibu hilo na 60 na kutoa kosa. Hilo ni jambo jema. Katika lugha ya C, jibu la sehemu ya kwanza lingekuwa 1 au 0, zote mbili ziko chini ya 60, na sharti lingekubali daima.

Safari hii sikuipeleka skripti vitani moja kwa moja. Nilitenga uamuzi na utekelezaji: fanksheni moja inapokea uhai na upeo na kurudisha neno tu, bila kutuma chochote kwenye seva. Kisha nikaizungusha kuanzia uhai 0 hadi 112 na kuchapisha majibu kwenye skrini yangu. Mistari 113. Mistari 111 ilikuwa na jibu. Miwili ilikuwa mitupu: 34 na 68.

Nilichukua kikokotoo. 34 kwa 112 ni asilimia 30.36. Si 30 kushuka, si 31 kupanda. 68 kwa 112 ni 60.71, nayo imeanguka vilevile katikati. Nilikuwa nimeandika mipaka ya namba kamili kwa kitu ambacho kina desimali. Mhusika mwenye uhai 34 angesimama mbele ya adui bila skripti kumwambia lolote.

Dawa yake ni kutotaja mpaka mmoja mara mbili. Anza chini, panda, na acha kila sharti liegemee lile lililotangulia:

if asilimia <= 30 then dawaKubwa()
elseif asilimia <= 60 then dawaNdogo()
else pigana()
end

Sharti la pili halihitaji kusema "zaidi ya 30", maana aliye na 30 au chini yake ameshachukuliwa. Lakini mpangilio sasa ni sehemu ya maana. Ukiweka 60 juu ya 30, dawa kubwa haitanywewa kamwe.

Hiyo "else" nayo inataka ulinzi. Nikiunganisha upya na seva, kabla mstari wa hali haujafika, nilikuwa nimeanzisha uhai na upeo vyote kwa 0. Katika Lua ya Mudlet, 0 kwa 0 haitoi kosa. Inatoa thamani isiyo namba, ambayo ukiuliza kama ni ndogo kuliko kitu, kubwa kuliko kitu au sawa na kitu, jibu ni uongo, hata ikilinganishwa na yenyewe. Masharti yote yanaipita, inatua kwenye "else", na skripti inaamuru kupigana. Kwa hiyo mstari wangu wa kwanza kabisa siku hizi huuliza kama upeo upo na unazidi 0, la sivyo fanksheni inarudi bila kuamua.

Kwa kupumzika nimeweka mipaka miwili kwa makusudi. Anakaa chini uhai ukishuka chini ya 40, anainuka ukifika 90. Kati ya hapo skripti haibadilishi kitu: aliyekaa anaendelea kukaa, aliyesimama anaendelea kusimama. Kabla ya hapo nilitumia 40 peke yake, na alikuwa akikaa na kuinuka kila mstari, 39, 41, 39, hadi wenzangu kwenye kikundi wakaniuliza ana nini.

Jana usiku amepanda ngazi tena, upeo 127. Kabla ya kumtoa nje ya lango niliendesha ule mzunguko kuanzia 0. Mistari 128, yote ina jibu. Zamu inageuka kutoka dawa kubwa kwenda ndogo kwenye 39, na kutoka ndogo kwenda kupigana kwenye 77. Nikamfungulia lango.