Muziki wa bure wa lebo za mtandaoni: pa kuingilia, na faili lipi la kuchukua

Ukitaja albamu za bure mtandaoni, wengi wanafikiria nyimbo za wizi. Hapa habari ni nyingine. Kuna lebo, yaani watoaji wa muziki, ambazo hazikuwahi kuchapa santuri wala CD: mwanamuziki anakabidhi kazi yake, lebo inaipa namba, jalada na leseni, kisha inaiweka hadharani kila mwenye kuitaka aichukue. Chimbuko lake ni watu wa kompyuta za Amiga, mwishoni mwa miaka ya 1980, waliotunga muziki kwa programu zinazoitwa treka: chaneli 4, vipande vichache vya sauti vilivyorekodiwa, na wimbo mzima unaenea kwenye diski moja ya floppy na nafasi inabaki. Monotonik, lebo ya Simon Carless, ilizaliwa katika mazingira hayo mwaka 1996, baadaye ikahamia MP3. Ndiyo maana upande wa elektroniki una shehena kubwa kuliko posti-roki, ule muziki wa bendi za magitaa unaojengeka taratibu hadi kulipuka. Mtu wa elektroniki anamaliza albamu chumbani kwake. Bendi yenye ngoma za kweli na magitaa matatu inadaiwa na studio kabla haijafikiria kugawa chochote bure.

Ghala kubwa liko Internet Archive, lile shirika la San Francisco, ndani ya mkusanyiko uitwao netlabels. Kupekua ukurasa baada ya ukurasa ni kupoteza siku. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia:

collection:netlabels AND subject:"post-rock"

Alama za nukuu zisikosekane, na neno AND liwe kwa herufi kubwa. Halafu rudia kwa "postrock" na "post rock", kwa sababu kila lebo iliandika maneno ya mada ilivyojisikia na hakuna aliyekuja kuyasawazisha. Ukipanga matokeo kwa idadi ya waliotazama utaletewa yaleyale kila siku. Panga kwa tarehe ya kutoka, kisha ruka hadi mwaka wowote kati ya 2004 na 2010, wakati lebo hizi zilipokuwa moto.

Hata hivyo, njia yenye tija ni kufuata lebo, si aina ya muziki. Neno "ambient" (muziki wa sauti tulivu) mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye kelele ya feni. Lebo ina sikio la mtu nyuma yake, na ukilipenda toleo moja, la pili na la tatu huwa hayakuangushi sana. Kwa tekno nzito ya mwangwi anza na Thinner ya Ujerumani. Dada yake Autoplate ndiye wa sauti tulivu zisizo na mdundo. Berlin kuna Resting Bell, tulivu zaidi. Ureno ina Test Tube na Enough Records, zote zenye katalogi ndefu na zisizoogopa vitu vya ajabu. Dusted Wax Kingdom ya Bulgaria ni midundo ya taratibu yenye vumbi la santuri za zamani. Maltine ya Japani, tangu 2005, ni muziki wa kuchezeka, wa kasi na wa rangi nyingi. Kwa posti-roki nenda Sinewave ya Brazil, iliyoanza 2008, na Lost Children.

Namba ya katalogi usiidharau. Thinner walitumia herufi thn, Monotonik mtk, Enough Records enrmp, kisha tarakimu. Mara nyingi namba hiyohiyo ndiyo jina la ukurasa kule Archive, hivyo ukiipata anwani ya toleo moja unabadilisha tarakimu za mwisho tu na kuingia toleo linalofuata. Ikigoma, ujue aliyepakia aliongeza jina la msanii mbele. Hapo itafute namba hiyo kama neno la kawaida.

Sasa ukurasa umefunguka. Upande wa kulia kuna orodha ya aina za mafaili, na hapa ndipo watu wengi wanajiharibia. Kubofya la kwanza unaloliona kunaweza kukupa MP3 ya kbps 64 (kilobiti kwa sekunde; zikiwa chache, sauti imebanwa zaidi). Kwa hotuba inatosha. Kwa posti-roki ni msiba: wimbo unaanza kwa gitaa moja la taratibu, unasikika vizuri tu, unasema mbona hakuna shida. Dakika ya saba magitaa yote yanaingia pamoja na matoazi, na badala ya ukuta wa sauti unapata kitu kama maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Faili dogo halina biti za kutosha kubeba kelele pana kiasi hicho, kwa hiyo linatupa sauti za juu na kuzichafua zilizobaki.

Fungua orodha yote, tazama majina na ukubwa. Kwenye matoleo ya zamani, jina linaloishia na _64kb ni lile dogo. Faili alilopakia mwenye lebo ndilo la asili. Mengine mengi yametengenezwa na mashine za Archive kutokana na hilo. Kwa hiyo kama la asili ni MP3, ile Ogg (aina nyingine ya faili lililobanwa) iliyo kando yake imekamuliwa mara ya pili, iache. Chukua la asili. FLAC, aina ya faili lisilopoteza chochote cha sauti, ichukue pale tu lebo yenyewe ilipopakia FLAC au WAV. Ukishuku FLAC iliyopikwa kutoka MP3, ifungue kwa programu ya bure iitwayo Spek: inachora picha ya masafa, na ukiona paa limekatwa kama kwa rula kwenye kHz 16, basi ilipitia MP3 ya kbps 128 au karibu na hapo.

Kwa wanaohesabu bando: MP3 ya kbps 320 inakula MB 2.4 kwa dakika. Albamu ya dakika 50 ni MB 120. FLAC ya albamu hiyohiyo mara nyingi huangukia kati ya MB 250 na 350, ikitegemea kelele iliyomo. Kwa spika za masikioni za kawaida, 320 inatosha kabisa. Ubishi wa FLAC tuwaachie wenye spika za maana.

Kosa jingine ni kubofya ZIP. Archive huitengeneza ZIP palepale unapoiomba, hivyo mtandao ukikatika umefika asilimia 90, unaanza upya na MB zimekwenda. Pakua wimbo mmoja mmoja, au tumia torrent, ambayo inaendelea ilipoishia. Kwenye kompyuta, amri ya wget -c na anwani ya faili inafanya kazi hiyohiyo.

Lebo nyingi zilizo hai leo zimehamia Bandcamp, iliyoanza 2008. Pale, albamu ikiruhusu mnunuzi kujitajia bei bila kiwango cha chini, andika 0 na kiungo cha kupakua kitatokea. Wakati mwingine utaombwa barua pepe, nchi na msimbo wa posta. Kiungo hutumwa huko, na kisipofika tazama folda ya taka. Kama jana ilikuwa bure na leo ina bei, huenda msanii hajabadili moyo: Bandcamp humpa msanii upakuaji wa bure 200 kwa mwezi, ukiisha albamu inarudi kulipiwa hadi aongezewe. Rudi mwezi ujao, au lipa. Chagua aina ya faili kabla ya kupakua. Lebo za karibu na kwetu, kama Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliyozisafirisha singeli za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, nazo ziko huko. Nyingi ya albamu zake zina bei, ila kusikiliza kwanza ni bure.

Ukishapakua, kuna mambo mawili ya kichezaji. Albamu nyingi za posti-roki na sauti tulivu zimeunganishwa, wimbo unamwagikia ndani ya unaofuata. MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na kichezaji kisichojua kuukata kitakupa kikwazo kila unapobadilika wimbo. Foobar2000, ya kompyuta na ya simu, inaukata iwapo faili lina taarifa zake; FLAC haina tatizo hili. La pili ni kusawazisha sauti. Ukitumia ReplayGain, ile mipangilio ya kichezaji inayolinganisha ukubwa wa sauti, iweke kwa albamu nzima, si kwa wimbo. Ukisawazisha wimbo mmoja mmoja, kile kipande cha dakika mbili cha piano pekee kitapandishwa kifanane na mlipuko unaokuja baada yake, na mlipuko wenyewe utafika umeshapoteza nguvu.

Leseni isome kabla hujaweka muziki kwenye video. Nyingi ni za Creative Commons, leseni za kuruhusu watu kutumia kazi kwa masharti, na herufi zake ndizo masharti yenyewe. BY: mtaje mwenye kazi. NC: usifanyie biashara, na chaneli inayoingiza pesa za matangazo ni vigumu kuitetea hapo. ND, yaani usiibadilishe kazi, ndiyo inayowanasa wengi: wanadhani wimbo mzima usiokatwa ni halali, lakini kwa masharti ya leseni hizi kuufunga muziki na picha zinazotembea kunahesabiwa kuwa kuugeuza, na ND inakataza. Piga picha ya ukurasa wa leseni siku unayopakua, tarehe ionekane. Leseni ya Creative Commons haiondolewi kwa aliyekwisha kuipokea, lakini ukurasa unaweza kufutwa, na YouTube wakati mwingine huleta madai ya hakimiliki juu ya nyimbo za bure kwa sababu mtu mwingine alizitumia kama sampuli na kusajili wimbo wake. Ukipinga dai hilo, picha hiyo na anwani ya Archive ndivyo vya kuwasilisha.