Kughairi kughairi

Jana usiku kitindamimba wetu alikuwa akichezea simu ya mama yake, akanisogelea: "Baba, nikitaka kughairi nibonyeze Ndiyo au Ghairi?"

Mawazo yakanirudisha Muheza palepale.

Nilikuwa na kazi huko ya kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa: kuhamishia daftari lao kwenye simu. Nilikwenda na menyu yangu ya simu, ile ya kupiga nyota na reli. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, na mimi nilishindilia humo machaguo tisa: hisa, mfuko wa jamii, mkopo, marejesho, faini, mpaka mwisho. Nilijiona fundi.

Mweka hazina, mama wa rika la mama yangu, alipangusa kitochi chake kwa pindo la kanga, akaanza kusoma kwa sauti. Kioo kilichukua mistari minne tu. Alipofika la saba, la kwanza halionekani. Akapanda. Akashuka. Kidole gumba kikabaki hewani. Wenzake kimya, sanduku lao la kufuli tatu katikati ya mkeka. Menyu ikakatika yenyewe, muda umekwisha. Akaanza upya. Safari ya tatu akaangukia kwenye mkopo, akataka kutoka, akakutana na maneno niliyoyaandika mimi mwenyewe: "Unataka kughairi ombi? 1. Thibitisha 2. Ghairi."

Akasoma mara mbili. Akainua macho.

"Mwanangu, hapa nikighairi, nimeghairi kughairi?"

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Nisamehe baba, kichwa kimezeeka." Na huyu ndiye aliyekuwa akijua, bila kufungua daftari, nani anadaiwa faini tangu mwezi wa Ramadhani.

Mwenzangu wa kazini alinipoza: si mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika vitu saba, ukiongeza au kupunguza viwili? Basi tisa zimo! Sawa, ila yule mama alikuwa pia na macho ya kikundi kizima mgongoni.

Nikapunguza machaguo yakabaki matatu, na swali likawa: "Tufute ombi? 1. Ndiyo, lifute 2. Hapana, liache." Niliporudi alinishukuru sana, akampa mjukuu simu abonyeze. Yeye akafungua daftari lake.

Basi jana nikaipokea ile simu, nikasoma swali. Nikalisoma tena.

"Subiri kwanza," nikamwambia mtoto.