Seneta unamjua, sawa. Dodoso umelijaza?

Karibu kila wakili anayeniletea faili akiutaka ujaji wa shirikisho hapa Marekani ameshaambiwa neno moja: tafuta seneta. Ni kweli anahitajika. Seneta wa jimbo lako asiporudisha ile karatasi ya buluu anayotolea maoni yake juu yako, Kamati ya Sheria ya Seneti huliacha jina lako la mahakama ya wilaya likae hapo hapo. Ila mimi ndiye ninayepanga makaratasi, na kinachowatoa watu jasho ni dodoso la kamati.

Katiba haidai umri wala hata shahada ya sheria. Dodoso ndilo linalodai: kila makala uliyochapisha, kila hotuba, kila mahojiano. Kesi 10 nzito ulizoendesha mwenyewe, na kila moja iwe na namba yake, jina la jaji, anwani na simu za mawakili wa upande wa pili. Hao hupigiwa simu, kwa hiyo uliyemdhalilisha kortini miaka ile atapata nafasi yake ya kusema.

Usianze na kichwa chako. Kichwa hukumbuka ushindi tu. Mimi naingia PACER, rejista ya kesi za shirikisho mtandaoni, mahakama moja moja, natafuta jina kama wakili, si kama mdaawa. Ni senti 10 kwa ukurasa, hati moja haipiti dola 3, na matumizi ya robo mwaka yasipozidi dola 30 hulipi kitu. Juu ya mwenendo wa kila kesi wamepangwa mawakili wote na simu zao. Namba ya simu iliyokufa naitafuta upya kwenye orodha ya chama cha mawakili cha jimbo. Kesi za mahakama za majimbo hazimo PACER; hizo ni kumbembeleza karani wa masijala.

Hotuba ndizo kizungumkuti, na hapo najisifu kidogo. Wakili akisema hakumbuki alizungumza wapi, namwomba rekodi zake za mafunzo endelevu. Majimbo mengi humpa alama aliyefundisha, na alama ina tarehe, mada na mwandaaji. Kama maandishi hayapo, dodoso linakubali tarehe, jina na anwani ya kikundi, na muhtasari.

Wengine hupitia uhakimu wa shirikisho kwanza: unateuliwa na majaji wa wilaya wenyewe, miaka 8, Seneti haikugusi, mradi uwe umekuwa wakili angalau miaka 5. Njia nzuri, naipenda. Lakini ukija kuomba ujaji, dodoso litataka hukumu zako, pamoja na zile zilizotenguliwa. Ziorodheshe kila mwaka, usingoje.

Na video ya zamani ikiibuka baada ya kuwasilisha, peleka barua ya nyongeza siku hiyo hiyo, kabla wafanyakazi wa kamati hawajaiona.