Kandambili ilinivuka nisijue

Kandambili ilinivuka nikiwa katikati ya barabara. Nisingejua kama si kijana mmoja kunikimbilia nayo: "Babu, umeacha kiatu."

Huo ulikuwa mwezi wa 7 nikimeza dawa za baridi yabisi. Mgongo wenyewe hata haukuniuma sana. Miguu ndiyo ilikuwa mizito, inakakamaa, na ganzi kuanzia kitovuni kushuka chini. Kushuka ngazi kulinitisha kuliko kupanda. Mkojo ulipoanza kugoma, binti yangu akasema hatusubiri tena.

Daktari wa mishipa ya fahamu alinigonga goti kwa kinyundo, mguu ukaruka kwa nguvu. Akakwaruza unyayo, kidole gumba kikainuka badala ya kujikunja. "Baba, tatizo haliko miguuni," akasema. Kisha akatazama meno yangu. "Umekulia wapi?"

"Maji ya Chai, Meru."

Sisi wa huko tumeyazoea meno ya kahawia. Sikuwahi kufikiri kwamba floridi, madini yale yale ya maji yanayoyatia meno rangi hiyo, inaweza kujikusanya mifupani miaka mingi, hata kano za mgongo, zile nyuzi zinazounganisha pingili, zikageuka mfupa. Picha ya CT ilionyesha kano za nyuma, kwenye pingili ya 10 na ya 11 za kifua, zimekuwa mfupa mtupu. Picha ya MRI ikaonyesha uti wa fahamu, ule mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya mgongo, umebanwa hadi ukawa bapa. Daktari hakunificha: wapo wanaopata ugonjwa huu bila floridi, Wajapani wanaujua sana, hasa wa shingoni. Na hakuna kidonge cha kuuyeyusha mfupa huo.

Nilikubali kupasuliwa nikiwa na hofu kubwa, maana mfupa huo unaweza kugandana na utando wa uti wa fahamu na kuuchana. Wiki 2 baadaye nilisimama na kitembezi. Sasa ni mwaka, natembelea fimbo. Mkojo umerudi, ganzi ya unyayo wa kushoto imebaki. Kila usiku naikagua miguu kwa kurunzi, nisije nikawa na kidonda nisichokisikia.

Nyumbani tunakunywa maji ya mvua. Nilikuwa nachemsha ya kisima nikidhani nayasafisha, kumbe kuchemsha hakutoi floridi, kunaizidisha tu maji yanapopungua. Magadi kwenye makande nayo nimeyakataza, maana yana floridi pia. Mjukuu wangu ana miaka 3, na meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi sasa hivi.