Haya, injinia

"Haya, injinia." Maneno mawili tu, na tangu Jumamosi yamegoma kunitoka kichwani. Dada amejifungua salama, ofisini tumeletewa bosi mpya, vuli imeanza kwa kishindo, lakini nikizima taa namsikia shemeji pale hanga, bisibisi mkononi: "Shem, kaza hiyo skrubu ya hewa nusu mzunguko, itatulia." Nami: "Skrubu haikujizungusha yenyewe, shemeji." Akanitazama, akafunga boksi la vifaa taratibu mno. "Haya, injinia."

Kinachoniudhi ni kwamba hakusema ujinga. Injini ya ndege yetu ndogo mnaijua, Rotax 912 ya nguvu za farasi 80, kabureta mbili za Bing 64 za kuchanganya petroli na hewa, kila moja ikilisha silinda mbili za upande wake. Ilikuwa inatikisika kwenye sailensa, yaani ikinguruma polepole akseleta imefungwa, ikivuka mizunguko 4,000 kwa dakika inalainika, na hanga zima linanuka petroli. Plagi za kushoto nyeusi, zina masizi laini yanayotoka kwa kidole. Za kulia rangi ya kahawia, safi. Yaani kushoto mafuta yamezidi, na kwenye Bing skrubu ile ukiikaza unapunguza mafuta. Kwa hiyo ushauri wake ulielekea kulekule kwenye ugonjwa, ila ungeuficha tu. Skrubu inatawala sailensa peke yake. Ukiikaza ili kufunika mafuta yanayozidi kutoka kwingine, siku ukitibu chanzo halisi upande ule utabaki na njaa, na utaanza kutafuta ugonjwa ulioutengeneza mwenyewe.

Plagi za pande mbili zikitofautiana namna ile, nusu ya kazi imekwisha. Petroli ya kituoni inalisha kabureta zote mbili, kwa hiyo si yenyewe. Mwinuko wetu huku pia si sababu. Pistoni ya kabureta hizi hupandishwa na mvuto wa hewa na hujirekebisha kwa kiasi, tena kushoto na kulia ziko juu ya bahari sawasawa. Moto wa plagi nao una saketi mbili, na kila saketi inahudumia silinda za pande zote, hivyo saketi ikifa haichagui upande. Hata hivyo unaupima, kwa sababu kupima ni bure: mizunguko 4,000, zima saketi moja, kisha nyingine. Isishuke zaidi ya 300, na tofauti kati ya saketi hizo mbili isizidi 115.

Baada ya hapo mshukiwa wa kwanza ni choki, na watu wengi humruka. Choki ya Bing si kibao cha kuziba hewa, ni njia ndogo ya pembeni ya kuongeza mafuta, na inafanya kazi akseleta ikiwa imefungwa. Kebo yake upande mmoja ikikosa kurudi hadi mwisho, dalili ni hizihizi: sailensa mbovu, juu safi, plagi nyeusi. Angalia mkono wa choki kwenye kabureta yenyewe, si kitasa cha rubani. Wetu ulirudi vizuri.

Kisha shinikizo la petroli, kati ya bar 0.15 na 0.4. Likizidi, sindano inayofunga petroli isijaze bakuli la chini ya kabureta haiwezi kulizuia na mafuta yanafurika. Letu lilikuwa katikati. Kisha mipira ya hewa ya bakuli, isikunjwe, na ncha zake zikae mahali penye hewa tulivu sawa na ile inayoingia kwenye kabureta. Ukiziacha kwenye upepo wa propela, mchanganyiko unabadilika kila ukiongeza mwendo.

Ndipo unafungua bakuli. Swichi zote za moto zimezimwa, ufunguo mfukoni, vizuizi kwenye magurudumu, mkia umefungwa kamba. Hapa sina mzaha na mtu. Springi za kabureta hizi huvuta akseleta ifunguke. Ni busara ya angani, kebo ikikatika unabaki na nguvu, lakini ardhini ukichomoa kebo kisha mtu akawasha, injini inapaa moja kwa moja hadi mwisho na propela iko mbele yako.

Sukuma klipu ya waya pembeni, shusha bakuli likiwa mlalo, usimwage. Chungulia ndani yake hadi chini kabla ya kulinusa wala kulifuta: chembe nyeusi zinazong'aa ni raba iliyochunwa hozi iliposukumwa kwa nguvu kwenye nipeli, na chembe moja ikilala kwenye kiti cha sindano inatosha kufurisha kabureta. Letu lilikuwa safi. Zikabaki floti, zile mbili nyeusi zinazoelea kila moja kwenye kijiti chake. Kwa macho hazina kosa. Ila huzeeka zikanywa petroli, zikazama kidogo, sindano ikachelewa kufunga, kimo cha mafuta kikapanda. Mwongozo unataka mbili kwa pamoja zisizidi gramu 7. Mizani ya jikoni haifai, inaruka gramu nzima nzima; nilizipeleka kwa sonara mjini, akazipangusa kama pete za harusi. Gramu 8.4. Za kulia, 6.3.

Nilitembea hadi stendi nikicheka peke yangu.

Floti mpya nazo zipimwe kabla ya kuingia, usiamini pakiti. Gaskiti ya bakuli mpya. Skrubu ikarudi kwenye kipimo cha kiwandani, ikazwe kwa vidole vyepesi hadi iguse, kisha ilegezwe mzunguko mmoja na nusu. Kebo kwanza, mikono yote miwili ya akseleta iguse kituo cha chini kwa wakati mmoja na ifike juu kwa wakati mmoja. Oili ikishafika nyuzi 50, chomoa mpira unaounganisha manifoldi mbili, zile njia za kuingizia mchanganyiko kwenye silinda za kila upande, funga geji za mvuto, sawazisha. Ukiuacha mpira ule mahali pake geji zitakudanganya, kwa kuwa upande mmoja unaukopesha mwingine. Sasa inasimama kwenye 1,700 na glasi ya maji juu ya dashibodi haimwagiki.

Jana shemeji kaandika: "Gramu ngapi?" Nikamtumia picha ya mizani. Akajibu kwa kidole gumba. Basi usiku kucha nimekuwa nakisoma kidole hicho. Pengine Jumamosi alikuwa amechoka tu. Alitoka gereji moja kwa moja, hajala. Pengine alimaanisha alichosema. Dada anasema nimuulize. Simuulizi.

Halafu mwenye eneo hajajibu kuhusu mkataba wa hanga. Unaisha Desemba, na leo nimeona watu wawili wenye futi kamba wakipima upande wa barabarani, wakipigilia vigingi vyekundu.